Kutokubaliana na mwenzako kazini bila kununiana: hatua kwa hatua

Maswali yanayokuja ni yaleyale. "Nimwambieje mwenzangu kwamba mpango wake una kasoro bila kumuudhi?" "Niseme kikaoni au nimfuate pembeni?" "Nikinyamaza nitaonekana nimekubali?" Hilo la mwisho jibu lake ni fupi: ndiyo, utaonekana umekubali, na jambo likiharibika utahesabiwa miongoni mwa waliokubali. Mengine yanahitaji maelezo, na ndiyo haya.

Shika jambo moja kabla ya yote: unalainisha namna ya kusema, hulainishi hoja. Kuna anayefoka, hoja yake ikazama kwenye kelele zake mwenyewe. Na kuna anayeipaka hoja asali mpaka mwenzake anaondoka akidhani amesifiwa. Huyu wa pili ana hatari zaidi, maana kosa lake halionekani siku hiyo. Linaonekana wiki tatu baadaye, kazi ikishaharibika.

Tutatumia mfano mmoja. Mwenzako wa cheo sawa na chako anataka ripoti ya mwezi itoke tarehe 3 badala ya tarehe 5. Ili kuokoa siku hizo mbili, anapendekeza iondolewe hatua ya mtu wa pili kuhakiki hesabu. Wewe unaona hatua hiyo ibaki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andika kwenye karatasi. Kichwani hapatoshi, kwa sababu humo kila hoja yako huonekana nzuri.

- Hoja yake kwa sentensi moja, iliyoandikwa kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali. "Anataka kulipua kazi" siyo hoja yake. "Anataka wakuu wa idara wapate ripoti kabla ya kikao chao cha tarehe 4" ndiyo.
- Hoja yako kwa sentensi moja. Ikigoma kuingia kwenye sentensi moja, bado hujajua unachopinga.
- Ushahidi mmoja au miwili, wenye tarehe na namba. Usibebe saba. Ukibeba saba, mwenzako atashika ule dhaifu kuliko yote na muda wote utaishia hapo.
- Pendekezo mbadala, hata kama halijakamilika.
- Jibu la swali hili: ni kitu gani akinionyesha nitabadili mawazo? Kama hakuna, huendi kuzungumza, unaenda kutangaza, na yeye atalijua hilo ndani ya dakika moja.
- Dakika 20, na mahali ambapo wengine hawasikii.

Kama umekasirika, ongeza usiku mmoja. Ukishindwa kujizuia kuandika, andika, ila usijaze jina la mpokeaji mpaka uusome ujumbe huo asubuhi. Hivyo hata kidole kikiteleza, hauendi popote.

Hatua

1. Jua mnapingana kwenye kitu gani. Mara nyingi ni mojawapo ya mambo manne: taarifa (yeye ana namba moja, wewe nyingine), lengo (mnataka vitu tofauti), njia (mnataka kitu kimoja kwa njia mbili), au mamlaka (nani mwenye kuamua). Kila moja lina dawa yake. Tofauti ya taarifa humalizwa kwa kufungua faili pamoja, na mabishano hayaisaidii kitu. Tofauti ya lengo haiwezi kumalizwa na nyinyi wawili kama lengo limepangwa na mtu wa juu, kwa hiyo mwulizeni yeye. Ya mamlaka hujificha ndani ya zile nyingine tatu: ukiona mnazunguka na jambo lilelile kwa mara ya tatu, pengine hakuna anayejua uamuzi ni wa nani. Kwenye mfano wetu lengo ni moja, ripoti iwahi na iwe sahihi. Mnapingana kwenye njia.

2. Pima kama jambo linastahili. Jiulize: nikinyamaza kitaharibika nini, na kikiharibika kinarekebishika? Rangi ya jalada la ripoti iache ipite. Malipo yakishatumwa, mkataba ukishasainiwa, barua ikishafika kwa mteja, hairudi. Hapo lazima useme. Anayepinga kila kitu husikilizwa mara chache, hata siku ambayo ana haki.

3. Chagua mahali na wakati. Kanuni ya kawaida: mfuate pembeni kwanza, ndani ya siku moja au mbili tangu ulipoijua hoja yake. Ukimsahihisha mbele ya watu kumi, atatetea heshima yake na hoja itasahaulika. Usimkamate mlangoni anatoka, wala dakika tano kabla ya kikao chake. Mwombe muda na umtajie mada, ili asikae na wasiwasi: "Kaka, naomba dakika ishirini leo baada ya saa nane, tuzungumze kuhusu ile hatua ya uhakiki." Ujumbe wa "naomba tuongee" usio na mada humfanya mtu ashinde siku nzima akijiuliza amekosa nini.

Uamuzi ukiwa unapitishwa kikaoni palepale, usisubiri pembeni. Sema hapo, kwa sentensi mbili: "Kabla hatujapitisha, nina wasiwasi na kuondoa uhakiki. Naomba dakika mbili nieleze."

4. Anza kwa kurudia hoja yake mpaka aseme ndiyo. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayolipa kuliko zote. Anatol Rapoport, mwanahisabati aliyechunguza sana mizozo ya binadamu, alishauri uieleze hoja ya mpinzani wako vizuri kiasi cha yeye kuridhika nayo kabla hujaanza kuijibu. Kwa vitendo inakuwa hivi:

Wewe: "Kaka, kabla sijasema langu, nihakikishe nimekuelewa. Unataka ripoti itoke tarehe 3 ili wakuu wa idara waingie kikaoni wakiwa wameisoma. Na katika hatua zote, uhakiki ndio unaouona unaweza kuondolewa. Nimekupata?"

Yeye: "Karibu. Sisemi uhakiki hauna maana. Nasema unakaa siku mbili wakati kazi yenyewe ni ya saa tatu."

Ona kilichotokea. Ulikuja ukidhani kwamba anadharau uhakiki. Kumbe kinachomkera ni faili kukaa mezani kwa mhakiki likisubiri zamu. Ungeanza na hoja yako, mngebishana nusu saa kuhusu umuhimu wa kuhakiki, jambo ambalo hakuna anayelipinga.

Asipokubali ulivyomweleza, usimsahihishe. Mwambie arudie, kisha nawe urudie tena.

5. Taja mnapokubaliana, kisha mnapotofautiana, kwa sentensi mbili zilizosimama kila moja peke yake. "Tarehe 3 nakubaliana nayo. Kuondoa uhakiki sikubaliani nako." Usiziunganishe kwa "lakini". "Wazo lako ni zuri sana, lakini..." ni sentensi ambayo kila mfanyakazi ameshaisikia, na akifika kwenye "lakini" anafuta yote yaliyotangulia. Tena usisifie usichokiamini. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, naye anajua.

6. Toa ushahidi, kisha nyamaza. "Mwezi wa pili uhakiki ulikamata jumla mbili zilizokosewa, moja ya malipo ya wateja." Nukta. Hesabu kumi kimoyomoyo. Ukimya huo utakuelemea, na hapo ndipo wengi huharibu: wanaujaza kwa kurudia hoja, kuiongezea chumvi, au kuirudisha nyuma ("basi labda ni mimi tu..."). Anayefikiri anahitaji muda wa kufikiri.

7. Weka pendekezo, na ulifanye jaribio. Mtu hukubali kujaribu kwa urahisi kuliko kukubali kwamba amekosea. Jaribio liwe na muda, kipimo, na kitakachofuata likishindwa: "Tumtengee mhakiki saa tatu za asubuhi tarehe 3. Apate faili saa mbili, sisi tuitoe ripoti saa nane mchana. Tujaribu miezi miwili. Ikichelewa hata mara moja, turudi kwenye pendekezo lako." Sehemu hiyo ya mwisho usiiache. Inaonyesha kwamba hoja yake iko hai bado.

8. Funga kwa maandishi siku hiyohiyo. Mistari minne inatosha:

"Asante kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa: (1) ripoti itatoka tarehe 3, (2) uhakiki unabaki, kwa muda wa saa tatu, asubuhi hiyohiyo, (3) mimi nitazungumza na mhakiki kufikia Ijumaa, (4) tutapima baada ya miezi miwili. Kama kuna nilipokosea, nirekebishe."

Mtumie yeye peke yake. Kuwaongeza wengine kwenye nakala, hasa bosi, bila kumwambia ni sawa na kumshtaki.

9. Uamuzi ukipita kinyume nawe, utekeleze kwa mikono miwili. Omba hoja yako iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kama jambo lina uzito, kisha fanya kazi. Kutekeleza kwa kusuasua ili mpango ushindwe ni hujuma, na ikijulikana hutaaminiwa tena. Mpango ukishindwa wenyewe, meza ile "si nilisema?". Uliza tu: "Sasa tufanyeje?"

Maneno yanayobadilisha mazungumzo

Hapa pana mambo madogo ambayo hoja nzuri huangukia.

*Mbona.* "Mbona umeondoa uhakiki?" si swali, ni shitaka lililovaa nguo ya swali. Atajitetea. "Ni nini kilichofanya uhakiki uondolewe?" linauliza jambo lilelile, na utajibiwa.

*Wewe.* Kitenzi tayari kimebeba mtu: "ulisema" inatosha. Ukiongeza "wewe ulisema", ni kama umemnyooshea kidole. Hali kadhalika "nyinyi watu wa hesabu".

*Huwa, kila mara, siku zote.* "Huwa unakurupuka" inaacha tukio na kushika tabia, na tabia ya mtu mzima huibadilishi kwa kikao kimoja. Sema tukio na tarehe yake.

*Hujanielewa.* Badala yake: "Nadhani sikueleza vizuri, ngoja nirudie." Gharama yake ni ndogo.

*Huo ni uongo.* Hata kama namba ni mbovu kabisa, "namba hizi hazilingani na nilizonazo, tuziweke pamoja" itakufikisha mbali zaidi. Kukosea na kudanganya ni mambo mawili, na ukishamwita mtu mwongo hakuna hatua ya nane wala ya tisa.

*Imechelewa au umeichelewesha?* Umbo la kwanza linaondoa lawama, na mara nyingi ndilo linalofaa. Lakini usilitumie kuficha mambo pale wajibu unapohitaji kujulikana. "Faili lilikuwa kwako hadi saa kumi" ni kweli tupu, haina tusi, na haizunguki.

*Samahani.* Mara moja mwanzoni ni adabu. Mara ya tatu umeanza kuomba radhi kwa kuwa na maoni.

*Sawa.* Neno hili lina mtego kuliko yote. Linaweza kumaanisha nimekubali, nimesikia, au nimechoka kukusikiliza. Usiondoke nalo peke yake. Uliza: "Kwa hiyo tunaanza na hili mwezi ujao?" Sawa ya kweli itakuja na tarehe.

Makosa ya kawaida

Kujificha nyuma ya umati: "Siyo mimi tu, wote tunaona hivyo." Swali lake la kwanza litakuwa "akina nani?", na ukiwataja umewasaliti, usipowataja umebuni. Sema lako.

Vijembe na utani. Hoja iliyopenyezwa kwa mzaha humwacha mwenzako ajue ameguswa, asijue afanye nini. Akikasirika unasema "natania tu", na sasa mna matatizo mawili.

Kubishana kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Sauti haisikiki, uso hauonekani, na watazamaji wapo. Ujumbe wa pili wa mabishano ukishaingia, andika "naomba nikupigie" kisha mpigie kweli.

Kukusanya. Ukinyamazia mambo sita ukayatoa yote siku ya saba, atajibu wingi wake na kuuliza kwa nini ulikuwa unamwekea akiba. Jambo moja kwa kikao kimoja.

Mambo yakienda mrama

*Anapandisha sauti.* Usimfuate juu. Shusha yako na upunguze kasi. Akiendelea kwa dakika mbili, ahirisha kwa kutaja saa: "Naona leo hatutafika. Tuendelee kesho saa nne." Kuondoka bila kutaja saa ni kususa.

*Ananyamaza au ananuna.* Acha siku moja ipite, mwendelee na kazi nyingine kama kawaida, umsalimie kama kawaida. Kisha mfuate: "Nimeona kama jana sikusema vizuri. Kuna kilichokukwaza?" Unauliza kuhusu namna ulivyosema. Hoja yenyewe huiondoi.

*Anakubali, halafu anaendelea na lake.* Rudi na ule ujumbe wa mistari minne: "Tulikubaliana uhakiki ubaki, na ripoti ya mwezi huu imetoka bila uhakiki. Kuna kilichobadilika?" Huenda kipo kweli. Ikijirudia mara ya pili, mpeleke kwa anayewasimamia wote, na umwambie kabla hujakwenda. Ni bora zaidi mkienda pamoja, kila mmoja akieleza hoja ya mwenzake.

*Anageuza mazungumzo kuwa yako binafsi* ("wewe mwenyewe mwezi jana ulichelewa"). Kama ni kweli, kubali kwa sentensi moja: "Kweli, nilichelewa, na hilo tulizungumzie kesho. Leo tumalize la uhakiki." Ukijitetea, umehama mada kwa miguu yako.

*Amekuzidi cheo au umri.* Hoja haibadiliki, mlango ndio unabadilika. Omba ruhusa kwanza: "Mzee, nina jambo naliona tofauti, naomba nilieleze." Mletee njia mbili pamoja na gharama ya kila moja, badala ya kumwambia njia yake haifai, kisha mwachie uamuzi kwa maneno: "Uamuzi ni wako, nilitaka tu uamue ukiwa na namba hizi." Usimpinge mbele ya wageni au wateja kwa jambo linaloweza kusubiri saa moja.

*Unakatizwa kila ukifungua mdomo.* Usishindane kwa sauti. Ngoja apumue, useme "nimalizie sentensi moja", na kweli iwe moja.

*Unagundua katikati kwamba aliyekosea ni wewe.* Sema hapohapo: "Hilo sikulijua. Naondoa pingamizi langu." Usitafute kona ya kubaki na nusu ya haki.

*Jambo linahusu usalama wa watu au kuvunja sheria.* Hapa weka kando hatua ya tatu na kungoja wakati mzuri. Desemba 28, 1978, ndege ya abiria aina ya DC-8 ilizunguka karibu na Portland, Marekani, kwa muda wa saa moja hivi huku wahudumu wa chumba cha rubani wakishughulikia tatizo la magurudumu. Mafuta yaliisha angani na watu 10 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani hakufuatilia mafuta ipasavyo, na kwamba wenzake wawili ama hawakutambua uzito wa hali au hawakufanikiwa kumfikishia wasiwasi wao. Mafuta yalikuwa yametajwa humo ndani. Hakuna aliyesema kwa uwazi kwamba yanaisha na lazima watue sasa.

Baada ya ajali za namna hiyo, marubani, na baadaye timu za hospitali, walianza kufundishwa kupanda ngazi kwa maneno yaliyo wazi. Zitumie ngazi hizo hizo: "Nina wasiwasi na mashine hii." Asipojibu au akipuuza, mara ya pili kwa uzito zaidi, ukitaja madhara: "Siko tayari tuendelee, kinga ya mkanda imetolewa na mtu anaweza kukatwa mkono." Akipuuza mara hiyo ya pili, usirudie mara ya tatu kwa mtu huyohuyo: "Hili ni suala la usalama, tunasimama." Simamisha kazi kama una uwezo wa kuisimamisha, na umpigie aliye juu yake dakika hiyohiyo.